Nani Kageuza Chuma cha Shedrack

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza leo kwa fujo. Bati la karakana linapigwa mpaka hatusikiani, na mimi nashukuru, maana sitaki kumsikia mtu. Nimetoka hospitali. Chuma cha Shedrack kimegeuka.

Naandika ili nisitukane. Shedrack ni mdogo wangu, ana miaka kumi na tisa, na tangu azaliwe kifua chake kimebonyea katikati, yaani ule mfupa wa kati umeingia ndani kama mtu alimkalia. Akilala chali unaweza kumwekea uji humo. Shuleni walimwita Bakuli. Akipanda kutoka barabarani mpaka nyumbani Masama anasimama njia nzima kutafuta pumzi, wamama wenye ndizi kichwani wanampita. Novemba wakampasua. Wanapitisha chuma kilichopindwa nyuma ya ule mfupa, kinausukuma nje, ncha zake zinalala juu ya mbavu kushoto na kulia, zinafungwa. Kinakaa miaka mitatu, kifua kikizoea kinatolewa. Leo picha inaonyesha kimepinduka. Kifua kimerudi ndani kama zamani.

Daktari Kornelia ndiye aliyempasua. Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui." Hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Ulifunga vibaya."

"Inawezekana. Lakini kwa nilivyofunga, hakigeuki chenyewe. Kuna kitu kimekisukuma." Akamgeukia Shedrack. "Ulianguka? Ulibeba mzigo? Ulipanda bodaboda kwenye mashimo?"

Shedrack akatazama viatu vyake. "Hapana, Daktari."

Basi Daktari akasema chuma atakitoa mwanzoni mwa Juni. Kuweka kingine, hapana, mpaka ajue cha kwanza kimegeuzwa na nini. "Sitampasua mara mbili ili nipate picha hii hii."

Kwa hiyo nina masika moja.

Jumanne, 11 Machi

Simpendi Daktari Kornelia. Nimeamka na chuki hiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike na habari za karakana, maana huku nako nina adui.

Karakana iko Soweto, mtaa wa hapa mjini, ya Injinia Theodory. Tunatengeneza vitanda vya hospitali, magongo, viti vya magurudumu. Pembeni ana mradi wake wa kubuni kishikizo, kile kibati cha kukaa kwenye ncha ya chuma cha kifua ili kisicheze. Mimi sikusoma chuo. Kuchora kwenye kompyuta nimejifunza kwa simu, video usiku na mchana, nikamletea michoro yake mwenyewe ikiwa imerekebishwa. Alikasirika, akaniajiri. Tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha kwamba sikusoma.

Leo nikamwambia kishikizo kikubwa zaidi hakisaidii. Chuma kimoja ni mlevi, ukimvalisha viatu vipana bado anaanguka, anaanguka na viatu.

"Eunike," akasema, "una macho na una mikono. Shule bado."

"Na shule yako imegeuzwa kifuani kwa mdogo wangu."

Kishikizo cha Novemba hakikuwa chake, kilikuja na chuma chenyewe kutoka kiwandani, ng'ambo huko. Najua. Nilitaka neno limchome tu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechapa nakala ya kifua cha Shedrack kwa mashine ya plastiki. Daktari alinipa picha zake kwenye flashi bila kuuliza maswali, nikazisafisha, nikaipa mashine mbavu moja moja. Umeme ulikatika katikati ya ubavu nikaanza upya. Sasa kiko mezani: mbavu za plastiki, katikati ya mbavu nimeshona vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya nyama. Theodory amekipapasa muda mrefu. Akasema tyubu ni wazo zuri. Nikamwambia sikuuliza.

Ijumaa, 21 Machi

Tumepinda chuma kama cha Shedrack, tukakifunga kama alivyofunga Daktari. Nimekikandamiza kutoka mbele kwa mfuko wa mchanga. Hakigeuki. Nimekivuta pembeni. Hakigeuki. Nimekiangusha chini na meza yake. Hakigeuki. Yaani kwangu kinakaa kama msumari, kwa Shedrack kinageuka kama chapati.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Bado hakigeuki.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimeaibika, niandike haraka nimalize.

Nilibuni kishikizo chenye meno. Meno yanauma ubavu, chuma hakiendi popote. Nilikuwa na furaha mpaka nikaruka chakula. Nikaenda buchani Rau nikachukua mbavu za mbuzi, nikafunga, nikaanza kutikisa kidogo kidogo kama mtu anavyopumua. Kabla ya chai ubavu wa mbuzi umepasuka palepale kwenye meno.

Theodory hakucheka, afadhali angecheka. Alisema, "Mfupa ni kitu kilicho hai. Ukiubana usipumue, unajila. Meno yako yangebaki yameshika hewa."

Mbavu tukazichemsha tukala. Alikula kwa raha sana.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepanda Masama kumhoji Shedrack. Yuko kwa Bibi Elisifa, mama yake baba. Baba anapandisha wageni mlimani, Mama anafanya kazi Arusha, kwa hiyo baada ya kupasuliwa alipelekwa kwa Bibi. Nimemkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Unabeba mizigo," nikamwambia.

"Nakata. Sibebi."

"Unabeba ndizi."

"Sibebi ndizi, we vipi. Bibi haniruhusu hata kuinua ndoo."

"Basi unalala vibaya."

"Nalala chali kama maiti. Eunike, nenda mjini."

Nikamwita mwongo. Akaniambia mimi sijali kifua chake, najali michoro yangu, kifua chake ni meza tu ya kuwekea. Nikamwambia bakuli ni bakuli. Hilo sikupaswa kusema, lakini nimelisema.

Bibi akatoka jikoni na bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi wanayopewa waliojifungua, akampa Shedrack, mimi akanipa ndizi ya kuchoma bila kunitazama. Bibi ndiye anayewakanda wazazi wote wa upande huu. Mwanamke akijifungua anaitwa yeye, maji ya moto, taulo, mikono, mpaka tumbo linarudi. Hana kazi nyingine na hataki. "Hospitali wanajua kuchana," akasema. "Kumrudisha mtu hawajui." Shedrack akawa anakunywa mtori wake. Amenenepa mashavu kama mama mwenye mtoto mchanga.

Jumanne, 8 Aprili

Kimegeuka. Kimegeuka mezani.

Ilikuwa hasira tu. Nilikuwa nafungua chuma ili nikitupe, kikagoma kutoka, nikaweka vidole gumba viwili chini ya ncha ya kushoto nikasukuma kuelekea kwapani. Tyubu ilikuwa imepata joto la taa. Nikasukuma tena na tena, kama mtu anayekamua, kikateleza nusu, halafu kikapinduka chote kwa mara moja. Sawasawa na picha ya Shedrack. Nikapiga kelele mpaka fundi wa jirani akaja na nyundo.

Theodory amejaribu mwenyewe mara kadhaa. Ukisukuma kutoka chini kwenda juu, pembeni, pole pole, kwa kurudia, kukiwa na joto, kinageuka kila mara. Kisha akavua miwani.

"Sasa niambie, kuna kazi gani duniani inayomsukuma mtu hivi?"

Sijui. Hakuna mzigo unaobebwa hivyo. Hakuna kitanda kinachosukuma hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata dawa, ugonjwa sijaupata. Vyuma viwili badala ya kimoja, kimoja juu kingine chini, na ncha zao nimeziunganisha kwa vibati kushoto na kulia. Inakuwa fremu, kama ngazi fupi iliyopindwa. Kimoja kikitaka kugeuka, mwenzake anamkatalia. Hakuna meno, hakuna kuuma ubavu. Nimesukuma mpaka vidole gumba vimevimba. Haikwenda.

Nimemwonyesha Theodory. Akatazama, akafungua kompyuta yake, akanionyesha picha. Nchi za watu wanafanya hivyo miaka sasa. Vibati vya kuunganisha vinauzwa. Daktari Kornelia anavyo kabatini.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku zote. Nilitaka uone mwenyewe kwa nini."

Nimetoka kwenye mvua bila mwavuli. Nilipofika mtaa wa pili nikakumbuka begi langu limebaki, sikurudi. Siwezi kumsamehe mtu anayenifundisha bila kuniambia kwamba nafundishwa.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimerudi chumbani Soweto sasa hivi.

Tulitoka kanisani Masama, tukala, watu wakatawanyika. Nikamtafuta Shedrack niombe radhi ya lile la bakuli. Hayuko chumbani, hayuko kwa ng'ombe. Nyuma ya jiko, chini ya migomba, nikaona mvuke.

Amekalia kigoda, shati limevuliwa. Bibi amesimama nyuma yake, sufuria la maji ya moto pembeni. Anachovya taulo, anakamua, analaza kwenye mbavu, halafu anashuka na viganja mpaka chini ya mbavu na kupandisha. Chini kwenda juu. Pembeni. Pole pole. Na akifika kwenye ncha ya chuma, pale inapochungulia chini ya ngozi, anaweka vidole gumba viwili na kuisukuma kuelekea kwapani.

Nikasema, "Bibi, acha."

Hakuacha. "Shikamoo imekufa?"

"Shikamoo Bibi. Acha, tafadhali."

"Marahaba. Hiki chuma chao kimekaa vibaya, kimechomoza. Tangu kidonda kifunge nakirudisha ndani, kinachomoza tena. Wamekizembea."

"Kila siku?"

"Mtu aliyechanwa na kisu anakandwa kila siku. Mama yako alipojifungua wewe kwa kisu, nani alimkanda?"

Shedrack hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu kama kahawa iliyoiva. Nikaelewa kila kitu kwa pamoja: mtori, mashavu, ile "hapana" ya hospitali. Wamemweka uzazi. Mwanaume mzima amekaa uzazini na bibi yake, anakandwa na kunyweshwa mtori, na hakuna daktari aliyeuliza kama anakandwa, maana nani anamuuliza mwanaume swali hilo.

Jumatatu, 21 Aprili

Shedrack amepiga simu kabla sijanywa chai.

"Usimwambie Daktari."

"Nisipomwambia hutawekewa chuma kingine."

"Basi kisiwekwe. Nimeishi na shimo, nitaishi nalo. Ukisema, kijiji kizima kitajua nimekaa uzazi. Bora Bakuli kuliko hilo jina."

"Ilikuwa inauma?"

"Inauma. Lakini baadaye nalala. Hospitali hakuna aliyenilaza."

Nikamwambia ni mjinga. Akasema mimi ni nyoka. Nikakata mimi, au alikata yeye.

Jumanne, 22 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijasema. Barabara ya Masama imekatika kwa maji, kwa hiyo hata nikitaka kwenda kugombana siwezi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimesema.

Aliyenifungua mdomo ni Daktari Kornelia mwenyewe, amepita karakana kuuliza kama tumepata lolote, na alikuwa na uso wa mtu anayetarajia hapana. Nikamwambia bibi yetu anamkanda. Nikamwonyesha kwa mikono juu ya kifua cha plastiki.

Alivifuata vidole vyangu kwa macho. Theodory ndiye aliyecheka. "Mikono ya bibi wa miaka sabini na kitu igeuze chuma cha pua?"

"Hajakigeuza kwa siku moja," Daktari akasema, lakini naye alikuwa na shaka, nikaiona. Akasema nikiweza kumthibitishia, ataweka vyuma viwili vya kuunganishwa, na kifua changu cha plastiki atakitumia kupinda vyuma mapema. Kama siwezi, anakitoa kile kimoja na basi. "Hadithi haitoshi, Eunike."

Nilitaka kumpiga na ubavu wa plastiki.

Jumamosi, 10 Mei

Daktari alimpigia Shedrack kumuuliza, akakana, kwa hiyo habari imefika Masama kabla yangu. Shedrack hapokei simu zangu. Bibi amepokea.

"Nasikia mimi ndiye muuaji."

"Hakuna aliyesema muuaji, Bibi."

"Nimerudisha matumbo ya wanawake wa huu mlima kabla mama yako hajajua kujifunga kanga. Leo nimegeuza chuma. Kwani mimi ni trekta?" Akapumua. "Mwambie huyo daktari wako akae tayari Alhamisi. Nakuja kumwonyesha mikono isiyogeuza kitu."

Nikasema sawa. Kimoyomoyo nilicheka. Anakuja mwenyewe kwenye mtego, na mtego nimeutega mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Bibi amekuja karakana na kitenge cha kanisani, viatu vina tope la kihamba chake cha migomba, na taulo lake mwenyewe ndani ya mfuko. Shedrack amemsindikiza, akabaki mlangoni. Daktari Kornelia akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemchana."

"Ndiyo mimi."

"Hukumfunga vizuri."

"Ndicho tunachotafuta, mama."

Bibi akatazama kifua cha plastiki kama mtu anayeonyeshwa samaki aliyeoza. "Sikandi kitu kikavu," akasema. Theodory akawasha birika, injinia mzima, akachemsha maji na kumimina kwenye beseni la kunawia grisi. Bibi akalirudisha, likaoshwa kwanza.

Akachovya, akakamua, akalaza taulo. Akasubiri tyubu zipate joto. Alijua muda wa kusubiri, sisi hatukuujua. Halafu akaanza, na huku anakanda anamsimulia Daktari: yule wa mapacha, yule aliyekuja amebebwa kwenye machela akaondoka kwa miguu, yule ambaye hospitali walisema hatashika mimba tena. Viganja vinashuka, vinapanda. Sikuona akitumia nguvu. Nilitarajia nguvu.

Chuma kikalia tok, kidogo sana.

Aliendelea, hajasikia. Vidole gumba vikapanda tena kutafuta ile ncha, havikuikuta. Vikakuta pamekuwa tambarare. Vikarudi, vikatafuta, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akasimama.

"Rudisheni," akasema.

Theodory akarudisha, akafunga upya mbele yake. Bibi akakanda tena, safari hii pole pole zaidi na hakuna hadithi. Kikageuka tena.

Taulo lilikuwa linadondosha maji sakafuni. Bibi alisema maneno ya Kichagga, kwa sauti ndogo, na hakuwa anatuambia sisi. Shedrack akatoka nje kwenye mvua.

Tangu Machi nimekuwa natafuta mtu wa kumkamata. Nimemtaka Daktari, nimemtaka Theodory, nimemtaka Shedrack mwenyewe. Leo nimemkamata mtu, na nimesimama pale kama nimeiba kitu kanisani. Bibi alikuwa anatazama mikono yake, upande wa juu, halafu viganja.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nikaweka ile fremu, vyuma viwili, nikafunga. "Bibi, jaribu na hiki."

Alinitazama kama unavyomtazama mbwa uliyemfuga mwenyewe akikuuma. Kisha akachovya taulo. Safari hii alitumia nguvu. Nilijua ananikanda mimi. Meza ikaanza kutembea, Theodory akaishika upande mmoja, Daktari Kornelia upande mwingine, na Bibi akasukuma mpaka mshipa wa shingo ukamtoka na kilemba kikateleza. Fremu haikwenda. Akapumzika. Akasukuma tena. Haikwenda.

Akakunja taulo lake, likiwa bado la maji, akaliweka mfukoni.

"Hiki," akamwambia Daktari. Mimi hakuniambia kitu.

Theodory akamwomba akae anywe chai. Akakataa chai.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari amekubali. Juni tatu, atatoa cha zamani na kuweka viwili kwa siku hiyo hiyo. Vyuma na vibati ni vyake vya kabatini. Changu ni kile kifua cha plastiki cha kupindia. Nilimuuliza Theodory kama anafurahi sasa. Akasema, "Nilicheka siku ile. Sikupaswa." Nimemjibu vibaya, kwa mazoea.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imepungua. Nimempigia Bibi, hakupokea.

Jumanne, 3 Juni

Wamemaliza saa nane mchana. Daktari alitoka na alama ya barakoa usoni, akasema vyuma viliingia bila kupindwa upya hata kidogo. Nilitaka kumchukia kwa namna alivyosema, taratibu, kama anasoma orodha ya sokoni. Sikuweza, nilikuwa nalia.

Alhamisi, 12 Juni

Shedrack anakaa kwangu Soweto. Maneno yake ni "nipe maji" na "zima taa". Mbele za Daktari alikubali yote: nani alimkanda, wapi, tangu lini. Alisema kwa sauti kubwa, wauguzi wakasikia. Halafu akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemvua nguo.

Nimempikia mtori. Una mabonge. Amekula robo.

Ijumaa, 11 Julai

Baridi, ukungu umeshuka mpaka mjini. Tumetoka kupiga picha. Vyuma vimelala vilevile kama siku ya kwanza, Daktari ameviweka sambamba kwenye kioo cha taa, picha ya Juni na ya leo, hata mimi sikuona tofauti. Bado mapema, amesema. Lakini kile cha kwanza, ukirudia kutazama picha zake za muda kama huu, tayari kilikuwa kimeanza kuinama kidogo, na hakuna aliyeona. Kwenye ngazi za hospitali Shedrack alipanda mpaka juu bila kusimama, kisha akanisubiri mimi, na uso wake haukuwa mzuri wala mbaya.

Nimempigia Bibi. Imeita sana.

"Shikamoo Bibi."

Nikamsikia ng'ombe nyuma yake.

"Sema," akasema.

"Picha ya leo ni nzuri. Havijasogea."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Analala?"

"Kidogo. Anasema mbavu zinamvuta."

"Zinamvuta pembeni au katikati?"

"Pembeni."

Akavuta pumzi kama mtu anayejizuia kuinuka.

"Na wewe usimguse," akasema, akakata.